Mstari Mwekundu wa Kioda

Shaba ikisuguliwa kwa majivu na ndimu ina harufu yake yenyewe, na vidole huondoka na harufu hiyo hata ukinawa kwa sabuni. Mwezi uliopita, tulipomaliza matanga ya Bibi, Mama alinikabidhi bangili nzito za shaba akaniambia nikae uani nizisugue mpaka zing'ae. Sikusugua sana. Harufu ilinipanda puani, na mimi mtu mzima, mwenye kazi yangu Songea, nikajikuta nacheka peke yangu. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele akanipa pole, akidhani ni uchungu umenizidi. Nikaipokea pole yake kwa heshima, lakini haikuwa uchungu. Nilikuwa nimekumbuka mwaka ule makaa ya mawe yalipoharibu magauni ya kioda, na mama yangu, mtu wa milimani, akawanyamazisha watu wa ziwani.

Wenzangu mliokulia ufuoni mwa Nyasa kioda mnaijua. Mliokulia kwingine, niwaeleze kidogo msije mkachoka njiani. Ni ngoma ya wanawake. Wanaume wana mganda wao, na kaptula zao na filimbi na vyeo vya kijeshi; wanawake wana kioda, na magauni meupe, na ule mwendo wa taratibu ambao ukiutazama unadhani ni rahisi mpaka uujaribu. Kila kundi lina malkia wake na lina nesi wake. Nesi ndiye anayewafuta wachezaji jasho, anayekagua kola na pindo, anayehakikisha hakuna gauni lenye doa. Kundi linaweza kucheza likaliza watu, lakini doa moja likionekana, mwaka wao umekwisha.

Malkia wetu alikuwa Bibi, mama yake baba. Nesi alikuwa Mama, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mama ni Mmatengo wa Mkumbi. Aliletwa ziwani na ndoa, akaja na jembe lake, sufuria ya ugali wa mahindi, na woga wa maji ambao haukuwa na dawa. Wenzake waliingia ziwani mpaka kiunoni kuchota maji wakiwa wanapiga soga. Yeye alisimama juu ya jiwe, ndoo mbele, mwili nyuma, macho amefumba nusu. Watu walimwita "mtu wa milimani." Shangazi Tekla, dada yake baba, ndiye aliyelishika jina hilo kwa mikono miwili.

"Wifi," alikuwa akimwambia, "wewe ukiona maji mengi unatafuta mteremko wa kuchimba mashimo yenu ya ngoro. Haya, ona, samaki anakuchungulia."

Mama alicheka. Wifi akikutania unacheka, ndiyo desturi. Lakini nililala chumba kimoja naye baba alipokuwa kazini, na nilijua kwamba hakucheka moyoni. Bibi alipompa unesi, Shangazi Tekla aliuliza mbele ya kundi zima kama wanawake wa ziwani wamekwisha. Bibi alimjibu kwamba kwa usafi, mkwe wake huyo hana mpinzani kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na kama kuna anayebisha alete gauni lake lililopigwa pasi lilinganishwe. Hakuna aliyeleta.

Sasa niseme juu ya ukuta wa Bibi, kwa sababu bila ukuta huo hakuna habari. Sebule yake ilikuwa na ukuta mmoja uliobandikwa picha kwa ugali. Alikuwapo Babu amesimama karibu na baiskeli. Alikuwapo baba mdogo siku alipomaliza chuo. Alikuwapo Baba Mtakatifu akipunga mkono, na Mama Maria ambaye tuliambiwa ni mama yetu sote. Kwa akili yangu ya mtoto mambo yalikuwa wazi kabisa: aliyebandikwa ukutani ni ndugu. Wote waliitwa baba, mama, babu. Kwa hiyo wale wanawake wa kwenye kalenda, waliobandikwa chini kidogo ya Babu, nao nilijua ni nani. Walikuwa bibi zetu wa zamani.

Kalenda yenyewe ilitoka zahanati ya misheni. Kila mwaka ulipokwisha, Sista wa zahanati, mzungu wa Italia, aliwagawia wagonjwa kalenda zilizopitwa na wakati ili wapambie nyumba. Bibi alikata tarehe zote na maandishi yote, akabakiza picha. Ilikuwa picha iliyochorwa, imepauka, imebanduka hapa na pale, na nyuso zimeiva wekundu wa udongo kiasi kwamba usingeweza kusema ni za watu gani. Wanawake watatu wamesimama kwa msururu. Magauni yao meupe yanafika kwenye kifundo cha mguu, na katikati ya kila gauni, kutoka kifuani hadi kwenye pindo, umepita mstari mmoja mwekundu. Mabegani wana kivazi kifupi cheusi kama nusu ya kanga. Kiunoni wana mkanda mpana umewakaza barabara. Mikononi shaba imezunguka na kuzunguka, shingoni shanga nene za rangi ya asali, na mmoja wao amejitwika chombo kichwani, hakishiki.

Ungeniambia nini? Bibi alikuwa na shaba kama hiyo hiyo, chini ya kitanda, ndani ya kopo la maziwa. Niliwahi kumwona akizitoa, akizipuliza vumbi na kuzirudisha. Alikuwa amezirithi kwa mama yake, lakini alipokuwa msichana katekista mmoja mkali aliwaambia wasichana kwamba shaba ni mambo ya kipagani, nao wakazificha. Hazikutoka tena. Na kujitwika chombo bila kukishika nilikuwa nakuona kila asubuhi. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote. Baba akiwa nyumbani nililala sebuleni kwa Bibi, na usiku sikuogopa giza, maana bibi zangu watatu walikuwa macho pale ukutani.

Mwaka ule tulitakiwa kushindana na wanawake wa ng'ambo ya mto. Walikuwa wametushinda misimu miwili mfululizo, na walitunga wimbo wa kutucheka ambao hata watoto wao waliuimba sokoni tukipita. Kundi likaamua kushona magauni mapya, meupe pe, kwa fundi wa Mbinga mjini. Nesi ndiye aliyekwenda kuyachukua, na mimi nikaenda naye kwa sababu nilikuwa nimelia vya kutosha.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya Ngaka, na dereva mmoja wa malori ya makaa ya mawe alikuwa rafiki yake. Lori lake lilikuwa linashuka ziwani, kwenda kupakia makaa melini. Akatupa lifti, mimi na Mama mbele, karibu naye. Magauni yalikuwa yamekunjwa kwa urefu, kila moja kama mwenzake, yakapangwa moja juu ya jingine na kufungwa ndani ya shuka. Yangeweza kukaa mapajani mwetu. Lakini Mama aliona pale mbele kuna vumbi na grisi, akaogopa yasichafuke, akaomba yafungwe juu, nyuma, kwenye turubai safi. Turubai kweli lilikuwa safi. Chini yake kulikuwa na makaa.

Tukiwa bado milimani ilinyesha mvua ambayo haikuwa na haki ya kunyesha mwezi ule. Dereva akafunga kioo, akaimba. Mama naye akaimba. Nakumbuka nilifurahi sana.

Nyumbani wanawake wote walikuwa wanatusubiri kwenye uwanja wa Bibi. Mama alifungua shuka kwa madaha, kama anavyofungua mtu aliyeleta nguo za harusi, akainua gauni la juu amelishika mabegani. Maji ya makaa yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya turubai, yakapenya shuka, yakafuata mkunjo wa nguo. Katikati ya gauni, kutoka kifuani hadi chini, ulipita mstari mweusi, na mabegani palikuwa na baka jingine. Akainua la pili. Vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Hakuna lililopona.

Yalifuliwa kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa jiki, yakaanikwa, yakafuliwa tena. Weusi ukawa kijivu, na kwenye kijivu ukagoma. Ngoma ilikuwa wiki ile ile. Hakukuwa na kitambaa kingine wala fundi mwingine.

"Nilisema mimi," Shangazi Tekla alisema. "Mtu wa milimani ukimpa nguo nyeupe, anaipandisha juu ya makaa. Juu ya makaa, jamani! Hata mtoto angejua."

Safari hii Mama hakucheka. Alasiri nilimkuta chumbani anakunja vitenge vyake, anavitia kwenye mkoba.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Mkumbi."

"Kuwasalimia akina babu wa kule?"

Alikunja kitenge kile kile mara nyingine. Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Nilijua mkoba wa kwenda kusalimia na mkoba wa kuhama. Ziwa, Bibi, kitanda changu chini ya wale watatu, vyote viliondoka kwa mara moja, na Mama alikuwa anaondoka akiwa ameshindwa, na wimbo wa ng'ambo ya mto ungemfuata mpaka Mkumbi.

Nikakimbilia sebuleni. Bibi alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameliinua gauni moja kwenye mwanga, analitazama kama mtu anayetazama maiti ya mtu wake. Nyuma yake ulikuwa ukuta. Nami nikaona, kwa sababu nilikuwa na urefu wa kuona. Gauni mkononi mwa Bibi lilikuwa na mstari katikati. Magauni ya ukutani yalikuwa na mstari katikati.

"Bibi," nikasema, "mbona wao wana mstari na hawalii?"

"Akina nani, Yustina mjukuu wangu?"

"Bibi zetu wa ukutani."

Bibi aligeuka. Nadhani alikuwa amepita mbele ya picha ile miaka bila kuitazama, kama mtu asivyotazama mlango wa nyumba yake. Alitazama mstari. Alitazama kile kivazi kifupi cheusi cha mabegani, akatazama baka la kijivu kwenye bega la gauni. Kisha macho yake yakashuka kwenye shaba, yakakaa hapo.

"Mama yangu alizivaa mpaka hapa," alisema polepole, akigusa karibu na kiwiko chake. "Akipita, unamsikia kabla hujamwona." Halafu akapaza sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo ndani ya nyumba. "Mama Yustina! Acha huo mkoba. Njoo hapa na mkasi!"

Wekundu ulitoka dukani kwa Mzee Salum, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa na ambaye alikuwa na jora la kitambaa chekundu lililokataa kununuliwa tangu sijazaliwa. Alitoa kitambaa na akaazimisha cherehani ya mkewe, kwa sharti moja tu, kwamba siku ya ngoma kundi lipite mbele ya duka lake likiimba. Mama alikaa kwenye ile cherehani akashona mstari mwekundu juu ya kila mstari wa kijivu, mmoja baada ya mwingine, na mkono wake haukupinda hata mara moja. Kwa mabega Bibi alisema hakuna haja ya kuhangaika, mama zao walivaa kaniki, na kaniki ni nyeusi. Zikapatikana kaniki kwenye masanduku, zikakatwa fupi, zikapigwa pindo. Mikanda ilikuwa ya ukindu, mipana kama kiganja. Hiyo Mama aliisuka mwenyewe kwa mkono wa Kimatengo uliozoea vikapu vya kahawa, imekaza kiasi kwamba Shangazi Tekla, alipojaribishiwa, alisema hawezi kupumua, na Mama akamjibu, "Kwani unataka kupumua au unataka kushinda?" Watu wakacheka, na safari hii Mama alikuwa miongoni mwa waliocheka.

Lakini kilichonishangaza ni shaba. Bibi alitoa kopo lake la maziwa mbele ya watu bila haya. Siku iliyofuata akaja bibi mmoja na kitambaa kilichofungwa fundo, akasema amekumbuka tu kwamba ana vitu fulani. Akaja mwingine na chungu. Akaja mwingine amechimbua nyuma ya choo. Kijiji kizima, kumbe, kilikuwa kimelalia shaba. Bangili, nyaya zilizosokotwa, pete za miguuni, shanga nyekundu na za buluu za kiunoni ambazo sisi watoto tulifukuzwa tusizione. Uani kulikaa wanawake wazee kwa wadogo wakisugua kwa majivu na ndimu, wakikumbushana mama zao walivyosuka nywele na kipini kipi kilivaliwa mdomoni. Mwisho kabisa akaja Shangazi Tekla na kopo lake.

"Hizi ni za bibi yangu," alimwambia Mama, akiliweka chini. "Na usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani, wifi," Mama akasema, akamsogezea majivu.

Siku ya ngoma uwanja wa mpira ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye mitumbwi iliyovutwa ufuoni. Tulipita kwanza mbele ya duka la Mzee Salum, kama ilivyoahidiwa, naye akasimama mlangoni na kofia yake akipiga makofi. Wenyeji wa ng'ambo ya mto walicheza wa kwanza. Lazima niseme haki, walikuwa weupe kama pamba, hadi soksi, hadi glavu. Walimaliza wakapigiwa vigelegele, wakakaa wakijipepea kwa leso, wametulia kama watu waliokwisha kushinda.

Ndipo wetu wakaingia. Watu waliwasikia kabla hawajawaona, vile vile Bibi alivyosema. Ile shaba iligonga pamoja na ngoma, chaa, chaa, kila mguu uliposogea, na mistari ile myekundu ilisimama wima ikasogea kwa pamoja kana kwamba imechorwa na mkono mmoja. Bibi alikuwa mbele. Mama alikuwa pembeni, mahali pa nesi, na kitambaa chake cha jasho begani. Nilitamani kumwambia kila mtu aliyekuwa karibu nami kwamba yule ni mama yangu, na niliwaambia, wengine mara mbili.

Ngoma haijafika mwisho, malkia wa ng'ambo ya mto akasimama na mkono juu.

"Kapteni!" Alimwita mwamuzi mkuu, mzee wa mganda ambaye cheo chake cha ngomani kilikuwa kimelimeza jina lake. "Hii siyo kioda. Kioda ni nyeupe. Haya ni mavazi gani?"

Kabla Kapteni hajajibu, Sista wa zahanati, aliyekaribishwa meza ya waamuzi kama mgeni, alikuwa ameshafika uwanjani. Alimshika Bibi mkono akatazama shaba. Akagusa ile kaniki ya begani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nguo hizi mmezitoa wapi?"

Bibi alinitazama mimi. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua, nikatoka mbele nikaamkia kwanza, maana nilifunzwa.

"Shikamoo Sista. Ni za bibi zetu. Wako ukutani."

"Marahaba. Lakini hawa ni bibi zangu mimi," Sista akasema, na kusema kweli alisema kwa upole. Akawaelezea watu kwa Kiswahili chake cha kunyoosha kila neno. Picha ilikuwa ya kwao. Ilichorwa zamani sana, kwenye ukuta wa kaburi, kabla Roma haijawa kubwa. Watu wale waliitwa Wasamniti, wakaishi milimani, wakapigana na Warumi vita baada ya vita. Wanaume waliporudi vitani, wanawake walitoka kuwapokea na kinywaji wakiwa wamevaa hivi: mstari, mkanda, kivazi cha begani, shaba. Yeye alizaliwa kwenye milima hiyo hiyo. Hakutegemea kuwaona wanatembea tena, na huku Nyasa.

Niliona dunia imenipinduka. Sijui kama nililia, lakini nilitaka. Wanawake wa ng'ambo ya mto walikuwa tayari wamesimama wote.

"Mmesikia wenyewe!" malkia wao akapiga kelele. "Za kizungu! Nguo ya kuazima haisitiri matako!"

Uwanja mzima ulicheka. Methali hiyo ikishatupwa hadharani, ni vigumu kuiokota. Bibi alizishika bangili zake. Shangazi Tekla akatazama chini. Na kutoka pembeni, mahali pa nesi, ambapo mtu haruhusiwi kuongea ila kufuta jasho, Mama akatoka.

"Ni kweli, dada yangu," alisema. "Ya kuazima haisitiri. Basi tuanze na wewe. Hilo gauni jeupe na hicho kilemba, sisi kwetu Mkumbi tuliviona kwa manesi wa misheni. Wewe ulivipata kwa bibi yupi? Mimi hapa cheo changu ni nesi. Neno hilo la bibi gani? Ngoma yenyewe, wazee wapo, waseme kama haikuvuka ziwa ikaja kwa mtumbwi. Haya, tuvue vya kuazima sote, wa huku na wa kule, tuone nani atabaki na nguo."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatoa kunguru kwenye paa la shule. Mama hakungoja kiishe.

"Shaba hizi ni zetu. Zilifichwa, zimetoka. Na Sista anasema waliovaa hivi walikuwa watu wa milimani. Sawa. Mimi miaka yote naitwa mtu wa milimani, na leo nasema ndiyo, ndimi. Magauni haya yaliharibika mikononi mwangu, nikayasitiri. Hiyo ndiyo kazi ya nesi. Kapteni, nesi wa kweli yuko hapa. Akague. Akikuta doa moja linaonekana, leo hii narudi Mkumbi kwa miguu."

Watu walinyamaza. Mkoba wake, nilijua, bado ulikuwa umefungwa nyuma ya mlango.

Sista alikagua kama anavyokagua vidonda. Alipita kwa kila mmoja, akatazama kola, pindo, kwapa, akainua ukingo wa kaniki, akapitisha kidole kwenye mstari. Kwa Shangazi Tekla alisimama muda mrefu mpaka nikashika kichwa changu. Shangazi hakupumua, labda kwa woga, labda kwa mkanda. Mwisho Sista akamfikia Mama mwenyewe, akamtazama kuanzia kilembani hadi miguuni, akaonyesha viganja vyake vitupu kwa waamuzi.

"Hakuna doa."

Kapteni alisimama, akanyoosha koti lake la mganda. Akasema kioda inapimwa kwa vitu vitatu, usafi, usawa na hatua, na kwamba rangi hajawahi kuisikia. Akapuliza filimbi. "Rudieni mwanzo!"

Mcheza kwao hutunzwa, na siku ile tulitunzwa mpaka kanga zikarushwa uwanjani. Tulishinda. Nasema tulishinda, ingawa mimi nilichofanya ni kuruka ruka pembeni. Tulipewa beberu, tukapewa na haki ya kuimba wimbo wetu mpaka msimu mwingine, nao ulikuwa mkali kuliko wao.

Katikati ya kelele hizo Bibi alimshika Mama mkono. Alizivua bangili zake, zile za mama yake, akataka kumvisha pale pale mbele ya watu. Hazikupita. Kiganja cha Mama ni cha jembe, kipana, na shaba iligoma kwenye mfupa wa kidole gumba.

"Inataka maji," Bibi akasema. "Twende."

Na akamwongoza moja kwa moja ziwani. Uwanja mzima ulifuata. Mama aliingia na gauni lake la mstari mwekundu, maji yakampanda kifundoni, yakampanda magotini, nami nilimwona akifumba macho, kisha akayafumbua. Bibi aliuchovya mkono wake, akausugua, akasukuma. Shangazi Tekla, aliyeingia bila kuitwa, alimshika mgongo asiteleze. Bangili ya kwanza ikapita. Mama akapiga kelele moja, sijui ya maumivu au ya furaha, na vigelegele vikajibu kutoka nchi kavu.

Sista aliomba picha ya siku hiyo, tukapiga, na nakala moja ikabandikwa ukutani kwa Bibi, kwa ugali, karibu na wale watatu. Yuko Sista katikati ya wanawake, na bangili moja ya kuazima mkononi. Hakuna aliyenieleza tena bibi ni wa nani. Walioko kwenye ukuta ule ni ndugu, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Mama ndiye malkia sasa. Mwezi uliopita, nilipomaliza kuzisugua bangili zile zile za Bibi, nilimpelekea pale alipokaa kwenye mkeka wa wafiwa. Hakuzivaa. Aliuchukua mkono wangu, akajaribu kunivisha mimi. Ziligota kwenye mfupa wa kidole gumba, pale pale. Tulitazamana. Mama akakunjua magoti akasimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akatangulia kwenda ziwani.